Filta Nyeupe

Stamenka wa ghorofa ya kwanza anasema aliona kwa macho yake mwenyewe. Anasema asubuhi ile alikuwa anakung'uta zulia kwenye roshani, akainua kichwa, akaona dirisha la akina Vidoje liko wazi, vioo vyote viwili, wazi kama mlango wa kanisa siku ya Pasaka, na ndani mtoto amelala kitandani bila skafu. Siku nyingine anaongeza, na bila soksi.

"Baridi ya kupasua mawe," anasema, "na mlango wa ngazini nao wazi! Upepo unaingia huku unatokea kule, mtoto yuko katikati. Sasa hapo mtu unangoja nini? Promaja hiyo, jamani. Na aliyefungua ni mama yake mzazi."

Kutoka roshani ya Stamenka kitanda hakionekani. Dirisha lenyewe linaonekana nusu. Lakini hakuna aliyemwambia hivyo, kwa sababu neno promaja lilikuwa limeshatajwa, na kwetu likishatajwa mjadala umefungwa. Promaja ni ule upepo unaopenya kati ya dirisha na mlango. Mtu akipinda mdomo, promaja. Jino likiuma, mgongo ukikaza, mimba ikitoka, promaja. Moshi wa makaa ya mawe tunauvuta kuanzia Oktoba hadi Machi, mji umekaa ndani ya bonde kama maharage chini ya chungu, kila nyumba inachoma ilicho nacho, wengine hata viatu, na hakuna anayesema moshi umeua mtu. Kinachoua ni promaja.

Mtoto ni Kosara, yuko darasa la pili. Majira ya baridi kifua chake kinalia filimbi. Mama yake, Rosanda, anaosha vyombo kwenye mkahawa wa stesheni. Baba yake ni Vidoje. Bibi yake mzaa baba, Dobrinka, analala naye chumba kimoja, na ndiye anayeamua lini dirisha lifunguliwe. Kwa kawaida ni mwezi wa Aprili.

*

Kazi ya Vidoje ni kubadilisha filta za hewa. Si zile za magari. Zake ni kubwa, fremu ya bati ya ukubwa wa dirisha la jikoni, na ndani yake karatasi nyeupe iliyokunjwa mikunjo ya kubanana kama kodiani. Hewa inapita, vumbi linabaki, hata lile ambalo jicho haliwezi kuliona.

Kampuni yao inazunguka bonde zima. Leo wako hospitali, chumba cha upasuaji, ambako filta iko darini juu ya kichwa cha daktari ili kidonda kilicho wazi kisinyeshewe vijidudu. Kesho wako kiwanda cha mtindi, pale vikopo vinapojazwa, maana ukungu kidogo tu ukidondoka, mzigo wa wiki nzima unavimba vifuniko. Halafu kiwanda cha majokofu, chumba cha kupuliza rangi. Chembe ya vumbi ikigandia mlangoni, jokofu zima linauzwa kwa bei ya hasara. Na kiwanda cha dawa, nje ya mji, ambako unavaa nguo nyeupe mpaka nyusi zinafichwa. Huko filta zina kazi mbili: uchafu usiingie kwenye dawa, na dawa isitoke kuwafuata watu nje.

"Mimi ni dobi wa hewa," Vidoje hupenda kusema akishapata glasi mbili. "Bonde zima nalifulia mimi."

"Na yetu anatufulia nani?" Rosanda aliwahi kumuuliza. Alikuwa ameshika leso aliyompengea Kosara, nyeusi katikati kama iliyofutia sufuria.

Kesho yake Vidoje alimwendea Injinia Ognjen ofisini. Alisubiri amalize kuongea na simu, kofia mkononi, theluji ya viatu vyake ikiyeyuka juu ya zulia la bosi.

"Injinia, kuna zile zilizobonyea kona. Zile zisizouzika."

"Zina nini?"

"Naomba moja. Ni ya mtoto. Kifua."

Ognjen alicheka, tena si kwa ubaya. "Vidoje, ndugu yangu, unataka binti yako alale chumba cha upasuaji? Zile zinarudi zilikotoka. Mpe figili nyeusi na asali. Sisi tulikuzwa kwa hiyo, na nitazame." Akajipiga kifuani.

"Anapewa kila siku."

"Basi mpelekeni Zlatibor, apate hewa ya mlimani."

Vidoje akashukuru. Hakujua anashukuru kitu gani, ila alishukuru, akatoka akitembea pembeni mwa zulia.

Nyuma ya uwanja wa kampuni kuna banda zinapowekwa filta zilizotolewa, zikisubiri lori. Mifuko myeusi ni ya kutupwa. Mifuko ya njano ni ya kuchomwa, nayo hutoka kwenye chumba kimoja tu cha kiwanda cha dawa. Filta ikishatumika huwa na rangi ya mahali ilikotoka: za hospitali ni za kijivu, za majokofu zina ubuluu, zinazokaa upande wa barabara ni nyeusi tii. Siku ile mfuko mmoja wa njano ulikuwa umechanika kwenye kona, na kilichoonekana ndani kilikuwa cheupe. Cheupe kama theluji ya mlimani, si hii yetu.

Sisi huku uchafu tunaujua kwa weusi wake. Theluji ikilala usiku mmoja inaamka nyeusi. Kola ya shati, kizingiti cha dirisha, mate ya mzee akikohoa, vyote tunavipima hivyo hivyo. Cheusi ni kichafu na cheupe ni kisafi, hata mtoto wa chekechea anajua. Vidoje aliona weupe ule akasema moyoni, hii haijafanya kazi hata siku moja. Rangi ya mfuko nayo aliiona. Aliiona akaiweka kando, kama mtu anavyoweka mwiba wa samaki pembeni mwa sahani.

*

Nyumbani alifunga filta ile mgongoni mwa feni kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Upande mmoja wa fremu una ukingo wa mpira laini. Huo aliulaza kwenye feni. Upande wa pili ukatazama ukuta. Mshale uliochorwa kwenye fremu, unaoonyesha hewa ipite kwenda wapi, ulielekea kitandani. Feni ikawa inavuta hewa ya chumba kupitia kwenye karatasi na kumpulizia Kosara.

Na ilifanya kazi, hilo lazima lisemwe. Siku zile za mwanzo Kosara alilala bila kukohoa. Rosanda aliamka mara kadhaa kumsikiliza, kwa sababu kimya kile kilimtisha.

Dobrinka ndiye hakuridhika.

"Na huu upepo je?"

"Ni hewa safi, mama," alisema Vidoje.

"Upepo ni upepo. Unampiga shingoni. Nani kakufundisha kumlaza mtoto kwenye promaja?"

"Dirisha limefungwa, mlango umefungwa. Promaja itatoka wapi?"

"Umeibeba mwenyewe ukaileta nyumbani."

Rosanda akacheka. Dobrinka akamtazama mkwewe mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

Ijumaa, wakubwa walipokuwa kazini na Kosara shuleni, Dobrinka alilegeza ile mipira. Hakufanya ovyo ovyo. Alitazama kwanza mwanawe alivyofunga, akaona ukingo laini umelala kwenye feni. Akaitoa filta mgongoni mwa feni akaileta mbele, ikae kati ya feni na kitanda kama pazia, na akahakikisha ukingo laini umelala kwenye feni vile vile. Ule upande uliokuwa ukitazama ukuta sasa ukatazama mto wa Kosara. Akawasha. Upepo ulikuwa umepoa, unakuja taratibu kama pumzi ya mtu aliyelala. Dobrinka aliinama akauwekea shavu lake, akaridhika.

Jioni Vidoje na Rosanda walirudi wamechoka. Mtoto alikuwa ameshalala, taa imezimwa. Hakuna aliyetazama feni.

*

Jumamosi asubuhi Kosara aliamka na filimbi ambayo hawakuwa wameisikia kabla, nyembamba, kama birika linaloanza kuchemka. Dobrinka alikuwa ameshaanza kazi. Alimsugua kifua na mgongo kwa rakija, ile pombe kali ya matunda, na siki, kama alivyomsugua Vidoje alipokuwa mdogo, na ngozi ya mtoto ikawa nyekundu yote, kwa hiyo hakuna aliyejua wekundu upi ni wa kusuguliwa na upi si wa kusuguliwa.

"Imevuta joto," alisema Dobrinka. "Vizuri. Promaja inatoka."

Rosanda aliingia na chai. Midomo ya Kosara ilikuwa na rangi ya plamu. Haikuwa rahisi kwake kusema, basi alinyoosha mkono kuelekea dirishani.

Rosanda akaweka chai chini, akafungua dirisha. Vioo vyote viwili.

"Funga!" Dobrinka akapiga kelele. "Funga, mwanamke wewe, unamuua!"

Rosanda hakufunga. Alifungua na mlango wa ngazini, akamwita Vidoje aliyekuwa chini akipasua kuni. Hewa ya nje ilikuwa ya moshi mtupu, lakini ilikuwa hewa. Vidoje alimbeba mtoto ndani ya blanketi. Stamenka alikuwa kwenye roshani na zulia lake.

*

Hospitalini, Daktari Zagorka aliinama juu ya Kosara, akanusa, akanyanyuka.

"Mmemsugua pombe."

"Ni bibi yake," alisema Vidoje.

"Daima ni bibi." Aliweka kifaa kifuani mwa mtoto, akasikiliza mbele na nyuma. Nesi alikuwa ameshamvalisha barakoa ya oksijeni. "Pumu, na chini yake naona kama nimonia. Tutampa penisilini ya mshipa. Ana mzio wa dawa yoyote?"

"Hana," alisema Rosanda.

Nesi akachukua kichupa, akakitikisa. Ndani ya kichupa kulikuwa na unga. Vidoje alikuwa amesimama ukutani, ndipo alipoambiwa asimame, na alisoma jina kwenye karatasi ya kichupa. Ni jina lile lile lililoandikwa kwenye mlango wa chumba chenye mifuko ya njano. Mlango ule aliupita mara nyingi akiwa amefunikwa mpaka nyusi.

Kama angenyamaza, sindano ingeingia. Kama angesema, hana kazi. Alisimama na mambo hayo mawili, na uso wake haukuonyesha lolote. Nesi alikuwa anatafuta mshipa.

"Daktari. Ngoja."

"Nini?"

"Nyumbani kuna filta. Nimeifunga kwenye feni. Inampulizia."

"Sawa. Vizuri."

"Ni ya kiwanda cha dawa. Imetumika." Akaonyesha kichupa kwa kidevu. "Ni ya chumba wanakofungashia hiyo."

Nesi aliondoa mkono. Daktari Zagorka alimtazama Vidoje kama mtu anayetazama kitu kilichomwagika.

"Umemlaza mtoto mbele ya vumbi la penisilini."

"Ilikuwa nyeupe."

"Unasemaje?"

"Filta. Ilikuwa nyeupe, daktari. Haikuwa chafu."

"Na penisilini," aliuliza Daktari Zagorka, "ni ya rangi gani?"

Wote wakatazama kichupa. Kisha daktari akamgeukia Rosanda, akauliza kwa sauti ya chini kama mtoto aliwahi kutoka vipele baada ya kunywa dawa.

"Mara moja, alipokuwa mdogo. Alikuwa anatumia dawa ya koo. Lakini ilikuwa ni stroberi alizokula."

"Mwezi gani?"

Rosanda akafikiri. "Februari."

"Stroberi huiva Mei," alisema daktari. Aliagiza sindano nyingine kabisa, wakamchoma Kosara pajani. Midomo ilianza kurudi rangi polepole, na kufikia saa nne filimbi ilikuwa imeshuka. Wekundu wa kusuguliwa ulipofifia, vikabaki vipele, vimejaa mgongo mzima.

"Mimi ni daktari, si polisi," alisema Zagorka mlangoni. "Naandika mtoto ana mzio wa penisilini, asipewe maisha yake yote. Hilo dude litoke nyumbani leo hii. Mengine utajua mwenyewe utamwambia nani."

Kwenye korido Rosanda aliketi kwenye benchi. Vidoje alibaki amesimama.

"Ukisema filta, kazi imekwisha," alisema. "Na hapa mjini hakuna atakayeniajiri kufagia hata uwanja."

"Mimi sijasema kitu."

"Wakiuliza."

"Wakiuliza nisemeje?"

Vidoje alitazama viatu vyake. "Dirisha si ulifungua kweli?"

*

Aliikuta feni bado inazunguka. Aliizima, akashika mipira aifungue, akaona haiko mahali alipoifunga. Filta ilikuwa mbele. Akatafuta mshale kwenye fremu. Mshale ulitoka kitandani ukaelekea kwenye feni, na feni ilikuwa ikipuliza kinyume chake. Kila kilichokuwa kimenaswa kwenye karatasi ile kilikuwa kinasukumwa kutoka nyuma, usiku kucha, kumwelekea Kosara. Juu ya mto kulikuwa na kitu kama unga uliomwagika kidogo sana. Ukipuliza, haupo.

Dobrinka alikuwa mlangoni, ameshika rozari ya sufi vidoleni.

"Amepona?"

"Anapumua."

"Mungu mkubwa." Akajipiga msalaba. "Nilihamisha kile kitu chako, mwanangu, usikasirike. Upepo ulikuwa unampiga. Nikakiweka mbele kikinge. Ukingo laini nimeuacha kwenye feni kama ulivyofanya mwenyewe. Nimekosea?"

Vidoje alikuwa amepiga magoti mbele ya feni. Alifungua mpira mmoja, kisha mwingine.

"Hujakosea, mama."

"Kama si mkeo kufungua dirisha…"

"Ndiyo, mama."

Aliifunika filta kwa shuka, akafungasha na foronya, akapeleka kwenye banda. Siku za Jumamosi Ognjen hukaa ofisini mpaka mchana. Alimkuta Vidoje anafunga mfuko wa njano kwa utepe.

"Wewe! Nasikia mtoto."

"Ndiyo. Amepata nafuu."

"Stamenka kampigia mke wangu. Dirisha, eti."

Vidoje alikuwa amekumbatia mfuko. Ulikuwa mwepesi. Filta daima ni nyepesi kuliko mtu anavyodhani.

"Dirisha," alisema.

"Wanawake hawa. Unasema, unasema." Ognjen akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akautazama mfuko. "Huo ulichanika?"

"Nimeuziba."

"Na Jumamosi, mtoto yuko hospitali! Ningekuwa na watu watatu kama wewe, Vidoje, ningelala usingizi."

*

Mlinzi wa nyumba yao ni Mtakatifu Nikola. Siku yake hakuna kualika. Anayekujua anakuja, na asiyekuja amekwambia kitu. Mwaka huu walikuja wote, kwa sababu Kosara alikuwa ameruhusiwa na kila mtu alitaka kumwona. Ubani haukufukizwa, kuogopea kifua cha mtoto. Mshumaa uliwashwa, mkate ukakatwa, samaki na maharage ya kuoka yakaingia mezani. Dirishani Dobrinka alikuwa amebandika selotepu pande zote nne, safu mbili mbili, na kila mgeni alipitisha kidole juu yake akamsifu.

Rosanda alizunguka na bakuli la ngano iliyochemshwa na sukari. Kila mgeni huchota kijiko kimoja, hujipiga msalaba, husema neno jema kwa mwenye nyumba. Kwa Rosanda walisema mengine.

"Mungu amekuonya, binti. Sasa umejifunza."

"Mtoto mmoja tu, na bado unachezea."

Alipofungua mlango wa jikoni, mmoja wao alisema, "Funga, funga, mwenzetu ana mazoea!" na meza nzima ikacheka. Aliufunga. Alipotoka tena aliufungua kidogo tu, akapita kwa ubavu na bakuli lake.

Stamenka alikuwa anasimulia. Alifika kwenye zulia, akafika kwenye skafu. Sasa dirisha lilikuwa wazi tangu alfajiri.

"Nilimpigia kelele," alisema Dobrinka. "Mjukuu wangu shahidi. Nilimwambia unamuua. Hakunisikia."

"Hawasikii," alisema Ognjen, akasogeza glasi yake. Alikuwa ameleta chupa ya mvinyo na kahawa, na ameketi karibu na mshumaa, mahali pa heshima.

Vidoje alikuwa amesimama. Siku ya mtakatifu mwenye nyumba haketi. Anasimama kwa heshima na kuwamiminia wageni mpaka wa mwisho aondoke. Alikuwa hivyo tangu mchana, chupa mkononi, shati jeupe lililopigwa pasi na Rosanda.

Kosara alikuwa pembeni mwa jiko, na soksi mbili mbili na skafu. Alimvuta mama yake sketi.

"Mama, kuna joto. Fungua dirisha."

Meza ikapasuka kwa kicheko. Stamenka alifuta machozi. "Kamfundisha na mtoto!"

Rosanda aliweka bakuli mezani. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso ule ule wa kuoshea vyombo. Alimtazama mumewe ng'ambo ya mshumaa.

"Vidoje," alisema. "Waambie si dirisha."

Kicheko kilipungua, kikabaki cha mtu mmoja, nacho kikaisha. Dobrinka aligeuka kumtazama mwanawe. Ognjen pia aligeuka, glasi yake bado imenyooshwa mbele.

Vidoje aliinamisha chupa. Alimimina taratibu, macho kwenye glasi, mpaka ukingoni, bila kumwaga hata tone. Kisha akahamia glasi iliyofuata.

"Waambie," alisema Rosanda.